Tawi Kwenye Njia ya Waru

Kwenye paji la uso la Warigia kuna mfereji mwembamba unaotoka sikio moja hadi la pili. Watoto wa mtaa wa Langas wanaotumwa kununua waru kwake, yaani viazi mviringo, humuuliza ni nini, naye humpa kila mtoto jibu lake. Kuna aliyeambiwa ni kofia iliyombana. Kuna aliyeambiwa ni barabara ya siafu. Ukweli ni kwamba ni alama ya mkanda. Kwa miaka kumi na minane Warigia alibeba mbegu za waru mgongoni, mkanda ukiwa umemshika kichwani kama ulivyomshika mama yake na nyanya yake. Alishuka gari Kaptagat asubuhi, akaukata msitu kwa miguu mpaka ukingoni, mahali ambapo nchi inaishia ghafla na Bonde la Kerio linaanza huko chini, lenye vumbi jekundu na joto. Kesho yake alirudi na asali, wimbi na maembe.

Sasa ana miaka sitini na mmoja. Waru zake zinakuja na lori, yeye anaziuza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mbele ya kibanda chake, na goti lake la kulia linamwambia habari za mvua mapema kuliko redio.

Nilimjua kwa miaka mingi kama mtu anavyomjua anayemuuzia chakula, yaani sikumjua. Kilichotukutanisha ni sukari ya Bashir. Bashir ana duka la misumari, mabati na rangi katikati ya mji, na ni mtu mpana. Daktari alipomwambia atembee, alianza kwa kuzunguka duka lake, kisha mtaa, halafu akasema mtu mzima akitembea peke yake bila kwenda mahali watu wanamwona mwendawazimu, afadhali wawe wengi. Basi tukawa tisa. Tulijiita Wapanda Milima ingawa hatukuwa tumepanda mlima wowote. Kila Jumamosi tulipita vijijini na fimbo zetu, na kila kijiji watu walitoka nje kutuuliza kwa huruma, "Mmepoteza ng'ombe?"

Siku moja mimi na Bashir tulisimama kwa Warigia kununua waru. Bashir alikuwa ananionyesha kwenye simu njia ya kuvuka msitu.

"Hiyo inakupeleka kwa matope," Warigia alisema bila kuinua kichwa. "Utarudi na kiatu moja."

"Mama, hii ni ramani. Imepigwa kutoka juu."

"Huko juu hakuna matope."

Kisha akasukuma gorogoro kando, akapanguza meza, akaanza kupanga waru juu yake. Kubwa yenye jicho bovu ilikuwa boma la Mabonga, penye njia tatu. Ndogo mbili zilizoshikana zilikuwa mabwawa. Za maboma alizipanga moja moja, kumi na nne zote, na kila moja ilikuwa na jina na kisa: hapa kuna mbwa, hapa wanakupa maziwa hata ukikataa, hapa mume ni mkali lakini haamki mapema. Waru ya mwisho aliiweka taratibu kabisa, pembeni mwa meza, nusu yake ikining'inia.

"Na hapa ni kwa Jebet, mahali nilikuwa nalala. Ukitoka kwa Jebet ni hewa tu."

Bashir alipiga picha ile meza. Hiyo ndiyo ramani tuliyoifuata.

Tulipanga kuifufua ile njia yote, kutoka ukingo wa msitu hadi ukingo wa bonde, na kuwaita watu wa mjini waje kuitembea Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Warigia alitutangulia mara mbili, akiwa amevaa akala zake za tairi, na mara zote mbili alitufikisha nusu tu, ndani ya msitu, kabla ya boma la kwanza. Tukimwambia twende mpaka mwisho, alikuwa na neno. Mara mvua. Mara goti. Mara, "Kwa Jebet hamuendi hivi hivi tu. Kwa Jebet mtu anaenda na kitu."

Mara ya pili tulipokuwa tumeketi kwenye gogo nikamuuliza ni lini alimwona Jebet mara ya mwisho.

"Miaka kumi na moja."

"Mlikosana?"

"Hapana, Mwalimu. Lori lilikuja." Alichomoa kijiti kilichoingia kwenye akala. "Mwaka mmoja ukipita unasema nitaenda. Ikipita mitano unatafuta sababu nzuri ya kusema. Ikifika kumi, hakuna sababu inatosha."

Nimefundisha watu kuandika kwa miaka ishirini na sijasikia jambo hilo likisemwa vizuri zaidi.

Sasa nieleze kosa letu. Katikati ya Novemba Warigia alikwenda Sugoi, binti yake alikuwa amejifungua. Tukaona tumshangaze. Bashir alitoa mkebe wa rangi nyekundu dukani, ile isiyotoka kwa mvua, nasi watano tukaenda kuiwekea alama njia yote ili wageni wasipotee. Lynette, anayefanya kazi benki na ana mwandiko mzuri, alianza kwa kuchora mishale. Mishale ikachuruzika, ikafanana na miavuli. Jua lilikuwa linakwenda. Bashir akasema tuchore X tu, X haina kazi.

Tulichora X arobaini na moja. Kwenye miti, kwenye mawe, kwenye nguzo za ua za watu. Boma la mwisho hatukuona mtu, tukachora moja kubwa kwenye nguzo ya ghala la mahindi, tukakimbilia lami kabla giza halijaingia. Tulifurahi sana. Tulipiga picha.

Sisi sote ni watu wa nchi hii. Tangu utotoni tumeona X nyekundu kwenye kuta za vibanda na nyumba zilizo karibu na barabara, na tunajua siku chache baada ya X hufika nini. Hata mmoja wetu hakulifikiria hilo. Mtu akiwa na furaha ya kutosha anaweza kuandika chochote kwenye ukuta wa mwenzake.

Jumatano iliyofuata Warigia aliingia dukani kwa Bashir akiwa bado na aproni. Mimi na Lynette tulikuwa pale, tunahesabu majina ya wageni. Walikuwa wamefika sitini na wanne.

"Bashir. Ulienda kuweka X kwa nyumba ya Jebet?"

"Si nyumba, Mama. Ni ghala."

"Ghala ni nyumba ya mahindi."

"Tulitaka kukushangaza."

"Nimeshangaa." Aliweka simu yake kwenye kaunta kama mtu anayeweka ushahidi. "Chepngetich amenipigia, msichana wa Jebet. Namba yangu aliitafuta mpaka akapata. Huko kote wanasema barabara inakuja, nyumba zitabomolewa. Kuna mzee ameita vijana wake kutoka Nairobi waje walinde shamba. Wako njiani! Nani aliwaambia mtu anachorewa X na anafurahi?"

"Ngai," Lynette alisema, akajifunika mdomo.

"Na Jebet?" nikauliza.

Warigia alikunja pindo la aproni. "Jebet ameona hizo X zimefuata njia yetu ya waru, amefunga geti na miiba. Amesema niambiwe hivi: miaka kumi na moja nimemngoja Warigia aje, na sasa ametuma rangi."

Bashir alishika kichwa. Alisema wallahi hakujua, akasema atatuma mtu, atapiga simu kwa chifu, atalipa. Warigia alimwacha amalize.

"Hiyo Jumamosi yenu mimi sijui," alisema. "Mimi kesho naenda kufuta. Wewe utabeba dawa ya kutoa rangi. Mwalimu atakuja kwa sababu yeye anajua kuomba msamaha vizuri."

Asubuhi tulimkuta Kaptagat na gunia dogo la mbegu za waru, kilo kumi hivi, na ule mkanda. Bashir alitaka kuliweka kwenye gari lake, lizunguke na barabara kuu limngoje mbele.

"Kwa Jebet waru haijawahi kufika na gari," Warigia alisema, akainama, akaingiza mkanda kwenye mfereji wa paji lake. Uliingia kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli yake.

Kisha akatupa sheria ya siku. "Leo hakuna kupita boma ya mtu bila kuketi."

"Maboma ni mangapi, Mama?"

"Si ulipiga picha? Kumi na nne."

"Tutafika Krismasi."

"Tutafika tukiwa na adabu."

Msitu ulikuwa umelowa na unanukia. Tulikuwa hatujamaliza X ya pili, Bashir akisugua kwa brashi ya waya na jasho likimtoka, wasichana watatu wakatupita mbio, wale wakimbiaji wa Kaptagat wanaopanda kilima kama wanateremka. Mmoja akapunguza mwendo.

"Mama, mmepoteza ng'ombe?"

"Tumepoteza akili," Warigia alimjibu. "Ukiiona huko mbele, ifunge kamba."

Kicheko chao tulikisikia muda mrefu baada ya wao kupotea.

Katika boma la kwanza walitupokea na fimbo. Katika la pili walitupokea na maswali. Kufika la tatu habari zilikuwa zimetutangulia, na tulipokewa na maziwa. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba radhi, lakini Warigia hakunipa nafasi. Alikuwa anatua mzigo, anaketi, anauliza habari za watu kwa majina yao, na mwenye boma, baada ya kumtazama sana, anapiga kelele, "Wewe si yule wa waru?" Kisha anaitwa huyu na yule atoke jikoni aje aone. Wengine walikuwa watoto alipopita mara ya mwisho, sasa wana watoto. Mama mmoja mzee alimshika paji la uso, akapitisha kidole kimoja kwenye mfereji ule, akathibitisha, akacheka. Ndipo Warigia husema, kama kitu kidogo tu, "Na hii X ni ya huyu. Anauza rangi, alitaka imalizike." Na Bashir huinuka, mkono kifuani, na wote humcheka, na X inafutwa.

Mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, haikataliwi. Kwenye boma la sita Bashir alilegeza mshipi. Kwenye la nane aliuvua kabisa, akaufunga begani.

Shida ilikuwa kwa Mabonga. Tulimwona kwa mbali amesimama mbele ya mwerezi wenye X yetu, mikono ameitandaza kama kipa.

"Simama hapo! Hiyo X msiguse."

"Mzee, tumekuja kufuta," nikasema. "Yalikuwa makosa."

"Makosa ya nani? Mimi sina neno na hiyo X. Mmenipimia barabara, barabara ije!"

Nyuma yake, katikati kabisa ya njia, palikuwa na kibanda kipya cha mabati, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Kilikuwa na mlango, dirisha, na maandishi HOTELI. Ndani hapakuwa na meza wala jiko. Nyasi zilikuwa bado zinaota.

Warigia alichungulia. "Mabonga. Hii hoteli inapika nini?"

Mabonga alitazama kando. "Inapika fidia."

Warigia alicheka akashindwa kusimama. Aliteremka chini taratibu, mzigo ukiwa mgongoni, akaketi kwenye nyasi na kucheka mpaka mkanda ukamtoka kichwani. Mabonga alijaribu kukasirika. Alisema amenunua mabati kumi na mawili, mapya, na misumari, na ameshawaambia watu wa mke wake. Bashir, mfanyabiashara, akamuuliza mabati ni ya geji gani. Hapo Mabonga naye akashindwa, akaanza kucheka.

"Washa moto, wewe," Warigia alimwambia akijipangusa macho. "Jumamosi ijayo watu sitini na wanne wanapita hapa wakiwa na njaa. Hiyo hoteli imepata wateja kabla ya kubomolewa."

Mabonga alifikiri. "Wanakula nini?"

"Watu wa mjini wakitembea wanakula kila kitu."

"Sawa. Lakini mkifuta hii, watajuaje pa kupita? Hapa njia ni tatu. Moja inaenda kwa mabwawa, utawatoa na kamba."

Hilo hatukuwa tumelijibu hata sisi wenyewe. Warigia aliinuka, akavunja tawi la mwerezi, akalilaza kuvuka njia ya mabwawa. Akavunja la pili, akalilaza kwenye ile nyingine. Ikabaki moja iliyo wazi.

"Tulikuwa wanawake kumi na wawili," alisema, "na hatukutembea pamoja. Wa mbele akifika njia panda aliweka tawi kwa njia isiyo yetu. Wa mwisho alikuja peke yake, na hakupotea hata siku moja."

Nilisimama nikiyatazama matawi yale. Sisi tulikuwa tumechora pa kwenda mara arobaini na moja. Wao walionyesha pasipo pa kwenda, na mvua ilipokuja alama ilioza, na hakuna aliyeogopa nyumba yake.

"Basi kila boma liweke tawi lake, Jumamosi asubuhi," Bashir alisema. "Wenyewe ndio wanajua."

"Mimi nitafunga zote," Mabonga alisema, "isipokuwa ya hoteli."

Tulifika kwa Jebet saa kumi jioni. Kutoka kwenye geti lake unaona Bonde la Kerio lote, mbali mno chini, na kivuli cha wingu kinatembea juu yake kama mfugaji asiye na haraka. Geti lilikuwa limejazwa miiba kutoka juu hadi chini. Nyuma yake, kwenye nguzo ya ghala, X yetu ilikuwa inawaka.

Zamani Warigia hakuwa akipiga hodi hapa. Alikuwa anatua mzigo tu, na Jebet aliujua mshindo wake. Aliutua. Kilo kumi hazina mshindo. Akaliinua gunia tena kwa mikono miwili, akaliachia.

Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya ghala. "Huo mzigo ni mdogo."

"Goti ndio la zamani."

"Nilidhani ulikufa."

"Ningekufa ungesikia."

"Ningesikia kwa nani? Kwa rangi?"

Jebet alitokeza. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, alikuwa amevaa gambuti na sweta la kijani lililovutwa viwikoni. Alisimama hatua tano kutoka kwenye geti na hakusogea zaidi. Alimtazama Warigia kuanzia akala hadi kichwani, taratibu, kama mtu anayepitia nyumba yake aliyoikodisha kwa muda mrefu.

Bashir aliweka mkono kifuani. "Mama, mimi ndiye. Ni mimi niliyechora."

"Nakujua. Nilikuwa pale kwa mahindi. Niliona watu watano na mkebe, wanakimbia kama wameiba." Jebet hakupaza sauti. "Barabara ikija nitapigana nayo. Mtu akipita kwangu bila salamu, nipigane na nini?"

Bashir aliinua brashi yake kidogo, kwa aibu, akaomba aruhusiwe kuingia kufuta.

"Hiyo haifutwi."

"Mama?"

"Warigia akifuta leo, kazi imeisha. Nitamwona tena lini? Miaka kumi na moja?" Ndipo akamgeukia mwenyewe. "Jumamosi uje na hao watu wako. Kwa miguu. Utafuta wakiona."

"Na geti?" Warigia aliuliza.

"Geti nitaamua nikikuona."

Alipokea gunia juu ya miiba, akalipima mkononi, akaingia nalo ndani. Hatukupewa hata maji, na baada ya maboma kumi na tatu ya maziwa nadhani hilo pia lilikuwa ujumbe.

Jumatatu nilipita Langas. Warigia alikuwa ameketi nyuma ya meza, mguu umewekwa juu ya kreti, goti limevimba na kufungwa kwa jani la kabeji. Mwanawe Irungu ndiye aliyekuwa anapima waru.

"Mwambie, Mwalimu," Irungu alinisihi. "Aende na gari, angoje huko mbele. Huyo mama ataelewa."

"Utaweza kutembea?" nikamuuliza.

"Sijaulizwa kama nitaweza," alisema. "Ninangojwa."

Jumamosi ilikuja na jua safi, lile la Desemba ambalo ni baridi kivulini na kali kichwani. Wageni walifika wote sitini na wanne, wengi wakiwa na viatu vipya. Tuliwaambia jambo moja tu: msipite palipo na tawi, na msipite mtu bila kumsalimu.

Sijawahi kuona njia kama ile. Kila boma lilikuwa limeamka mapema kuiweka sawa. Mahali pamoja palikuwa na tawi la mwerezi, pengine bua la mahindi, pengine kiti kilichovunjika mguu. Yule mzee aliyewaita vijana wake kutoka Nairobi alikuwa amewasimamisha wenyewe kwenye njia panda, wanaume wawili wazima wenye miwani ya jua, mikono wamenyoosha. Walikuwa wamekuja kulinda shamba, alisema, na nauli ilishalipwa. Kwa Mabonga moto ulikuwa unawaka, kulikuwa na chai na nduma na viazi vitamu, na kwenye mabati, chini ya HOTELI, alikuwa ameongeza kwa makaa: LEO NI KWELI. Watu wasiojuana walikula wakiwa wamechuchumaa kwenye nyasi wakicheka mambo ambayo siwezi kuyakumbuka, madogo madogo. Nilicheka pia. Nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Warigia alikuwa wa mwisho. Alibeba gunia kubwa kuliko lile la kwanza na hakumruhusu mtu kuligusa. Bashir alibaki naye nyuma, mtu mpana akitembea hatua fupi fupi kando ya mwanamke mdogo, na kila aliporudi mtu kuwauliza kama wanahitaji msaada, Bashir alimfukuza.

Sisi wengine tulifika kwa Jebet kabla ya saa nane. Miiba ilikuwa bado getini. Jebet alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, amevaa kitambaa cheupe kichwani, anatutazama. Tulimsalimu tukiwa nje. Aliitikia. Hakuinuka. Basi watu sitini na wanne walisimama pale ukingoni wakilitazama bonde, na mazungumzo yakaisha yenyewe. Lynette alininong'oneza, "Na asipofika?" Nilikuwa nafikiria jani la kabeji.

Dakika arobaini zilipita. Kisha tukaisikia sauti ya Bashir ikisema, "Pole pole, Mama, pole pole," na umati ukagawanyika. Warigia alipita katikati akichechemea, uso umelowa jasho, macho mbele. Alifika getini. Akageuka, akapiga goti moja, akatoa kichwa kwenye mkanda, na gunia likaanguka.

Lilitoa mshindo ambao niliusikia nyayoni.

Jebet alikuwa ameshasimama. "Huo," alisema, "sasa ni mzigo."

Alikuja mpaka getini na kuanza kutoa miiba kwa mikono yake mwenyewe. Warigia akaanza kuitoa kutoka upande wa nje. Waliendelea mpaka walipokutana katikati. Hapo wakashikana mikono yenye mikwaruzo wakacheka kama wasichana, na Jebet akampiga Warigia bega, si kwa upole sana, mara tatu au nne.

Kisha ikaja salamu. Jebet alisimama kando ya geti lililo wazi na kumpa kila mtu mkono, mmoja mmoja, akiuliza jina na mahali anakotoka, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka. Ilichukua karibu saa nzima. Bashir alipofika, Jebet alimshika mkono muda mrefu. "Sasa umepita," alimwambia.

X aliifuta Warigia mbele yetu sote, kama alivyoagizwa. Haikutoka yote. Ulibaki wekundu hafifu kwenye mbao, kama shavu la mtoto aliyelia.

"Bado inaonekana," Jebet alisema.

"Itaisha na mvua."

"Tutaona."

Chepngetich na majirani walileta chai na mahindi ya kuchemsha, na jua lilipoanza kushuka tukawakusanya wageni, maana magari yalikuwa yanangoja kwenye lami, mwendo wa robo saa. Nje ya geti njia hugawanyika. Tulipofika pale Lynette akasimama.

"Lakini magari si yako huku?"

Njia ya kwenda lami ilikuwa imefungwa kwa tawi. Halikuwa tawi la kuvunja kwa mkono. Lilikuwa limekatwa kwa panga, majani yake bado yanatoa maji, na lilihitaji watu wawili kulivuta mpaka pale. Niligeuka. Jebet alikuwa uani anamimina chai kwenye kikombe kimoja, ametupa mgongo, ana shughuli nyingi mno.

"Hili limewekewa nani?" Bashir aliuliza.

Warigia alilitazama lile tawi kwa muda. Alikuwa ameshaushika mkanda wake mtupu mkononi, tayari kwa safari.

"Si nyinyi," alisema. "Nyinyi rukeni."

"Na kibanda, Mama?"

"Mwambie Irungu afungue."

"Mpaka lini?"

Lakini alikuwa ameshageuka. Tuliruka mmoja mmoja, watu wazima na mabegi yao, tukishikana mikono ili tusianguke. Nilipotazama nyuma, Warigia alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Jebet, akala zimekaa mlangoni, na Jebet alikuwa ameinama anakagua lile goti na kumgombeza.